Watoto Walioanguka Ng'ambo

Jumapili, 2 Machi 2025

Umepotea wapi, wewe mwanamke? Tangu Krismasi! Daftari umelililia mwenyewe, ukatangazia darasa zima kwamba utaandika kila siku, halafu ukalitupa chini ya godoro kama tambara la kufutia sufuria. Sasa mende wamekula pembe. Vizuri, umestahili. Nani mwingine atalisoma? Msomaji wake ni wewe tu, na wewe ndiye mtoro.

Haya. Nimemaliza kujigombeza.

Baada ya misa mwalimu Robinah amenishika mkono mlangoni. Mama, darasa la wakubwa linakungoja, au umezeeka ghafla? Nikamwambia nimezeeka zamani, nilikuja kwako nikiwa tayari mzee. Akacheka. Ametukumbusha mazoezi yetu: kila mstari uanze na "nimeona" au "nimesikia". Tusichanganye. Na tuandike kwa Kiswahili, kwa sababu hapa Bulumbi tuko Wasamia, Wateso, Wajopadhola, na lugha ya soko ndiyo inatukalisha benchi moja. Mimi nasema hiyo nimeona-nimesikia ni kazi ya watoto. Lakini naifanya.

Nimeona: Amulen ameshika ukuta akasimama! Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Imalingat. Akasimama, akaniangalia, akajisifu kwa kelele, akakaa kwa matako. Mama yake, Felistus, akapiga kigelegele. Mimi pia.

Nimesikia: surua iko Sop Sop, si mbali na hapa. Watu wa chanjo watakuja hapa kwetu Alhamisi, kwenye veranda ya kanisa.

Jumatatu, 3 Machi

Herufi zinalala.

Leonida jirani amekuja mbio na simu. Sauti ya mwanamke anayelia. Anasema yeye ni nesi, ameona kwa macho yake, watoto wamechomwa sindano hii ya surua shuleni wakaanguka mmoja mmoja kama mahindi yamekatwa. Anasema kila anayesikia atume kwa kila mama anayempenda. Leonida akaicheza tena. Na tena. Nyuma ya ile sauti jogoo anawika. Sijui kwa nini huyo jogoo ndiye alinitisha zaidi. Kama kweli mtu amesimama kwenye boma ambalo watoto wamekufa.

"Ni wapi huko?" nikauliza.

Akasoma kwenye simu. "Kenya, mama! Hapo tu ng'ambo!"

Felistus alikuwa anapepeta mtama, Amulen mgongoni. Ungo ukasimama hewani. Akaniangalia mimi.

Nikasema, na wewe unajua nikisema nasikika mpaka barabarani: Basi huyu mtoto hachomwi na mtu! Kwisha!

Jumanne, 4 Machi

Nimevuka na muhogo wangu mkavu kama kawaida. Maurine ndiye ananunua kwangu siku zote, upande wa Kenya. Mwanamke wa maneno mengi, moyo mzuri. Kabla hata ya kushusha gunia nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, mwanangu, poleni na watoto wenu.

Akaweka chini gorogoro, mkebe wake wa kupimia. "Watoto gani, shosho?" Huniita hivyo, bibi yake.

"Walioanguka. Wa sindano."

"Si ni wenu?" anasema. "Sisi tumeambiwa ni huko kwenu Uganda! Mimi tangu jana nataka kukupigia simu, nikaogopa. Nikasema labda ni wajukuu wake."

Tukaangaliana. Akatoa simu. Mwanamke yule yule analia. Maneno yale yale. Halafu — jogoo! Mahali pale pale, akiwika!

Nikamwambia nipe hiyo simu. Chini ya sauti kuna maandishi. Jana kwa Leonida niliyaona nikayapita, nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hasomi. Leo nimeyasoma. Kwa kidole, polepole, Maurine ananisubiri, mteja wake anasonya. I-me-to-ke-a U-ga-nda. Ya Leonida alinisomea mwenyewe kuwa imetokea Kenya. Jogoo mmoja hawezi kuwika nchi mbili!

Nikaanza kuuliza. Kwa mama wa omena, wale dagaa, kwa wavulana wa boda, kwa mwanamke anayeuza sabuni pale kona. Shule gani? Hakuna ajuaye. Mtoto gani? Mtoto wa nani? Hakuna. Kila mtu ana hiyo sauti, na hakuna mwenye jina.

Sasa hapo ndipo nilianza kushuku. Amulen nilimpa jina mimi. Nilichovya kidole kwenye ajon, pombe yetu ya ulezi, nikaita majina ya wazee wetu moja moja, na kila jina nikamwekea kidole mdomoni; kwenye Amulen ndipo alinyonya. Kwetu hata mtoto wa siku moja ana jina. Watoto wengi hivyo wafe bila jina? Bila matanga? Nani alichimba? Nani alipika? Akifa mzee mmoja Malaba, sisi tunalala huko na masufuria yetu. Watoto wa shule nzima, na hakuna mtu aliyeenda kuwalilia?

Jared wa boda akasema, shosho, wangu wamechanjwa wiki iliyopita, wako shule, wananimalizia mkate tu. Nikamwambia sitaki maneno yako, nataka kuwaona. Akacheka mpaka akashika tumbo. Lakini akanipeleka shuleni kwao, saa ya chakula.

Nimeona: mtoto wa Jared, msichana, anakimbia. Nikamwita. Nikauliza walikuchoma wapi? Akaonyesha bega. Nikauliza uliumwa? Akasema usiku ule alikuwa na joto, asubuhi akala. Nikamwangalia sana, labda sana mno, akanitolea ulimi.

Ulimi mzuri. Mwekundu, safi. Mungu ambariki na adabu yake mbaya.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Jiko limezimika. Kanga ya mtoto haipo kwenye kamba. Leonida akaniambia kutoka ng'ambo ya ua: Felistus ameenda Molo, ya huku kwetu Uganda, kwa mama yake. Amesema anamficha Amulen huko mpaka wenye sindano waondoke.

"Si wewe ulisema hachomwi?" anasema Leonida.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Padri amenipaka majivu kwenye paji. Sikusikia mahubiri.

Simu ya Felistus imezimwa. Nimempigia Imalingat, yuko njiani na lori, wanaenda Juba. Nikamwambia mwambie mkeo arudi. Akasema: Mama, si wewe mwenyewe ulisema?

Nilisema.

Naye: Sasa unataka nimwambie nini?

Mtandao ukakatika. Afadhali.

Nimeenda kwa Leonida. Nimemweleza ya jogoo. Akavimba. "Kwa hiyo mimi ni mwongo?" Nikamwambia hapana, wewe ulitumiwa ukatuma. Mimi nilisikia nikapiga kelele. Kwa kosa mimi nimekushinda. Swali langu ni moja tu: nani ameona?

Akakaa chini. Ana watoto wake pia, ameogopa kama mimi. Akasema kwa sauti ndogo: Lakini mama, kama ni kweli?

Hiyo ndiyo inanitafuna. Nimeona mtoto mmoja anakimbia. Mmoja! Sijaona wote.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja. Mwenye sindano anaitwa John Paul, kijana wa miwani, amechoka kabla ya kuanza. Akina mama wachache. Wengi wamesimama mbali barabarani na watoto mgongoni, kama watu wanaotazama ajali.

Nikaenda mbele. Nikamuuliza: wewe musawo, daktari, mtoto wa kwako umemchoma?

"Wawili, mama. Kwa mkono wangu."

"Na hawakuumwa?"

"Mmoja alipata homa. Inaweza kuja, homa, hata vipele kidogo. Sikudanganyi. Lakini surua yenyewe nimeiona pia, na hiyo nisingetaka mtoto wako aione."

Huyu nilimpenda. Angesema hakuna kitu kabisa, ningeondoka. Nimerudi kwa Leonida pale barabarani nikamwambia maneno yake yote, na ile homa pia, sikuificha. Leonida amewachanjisha wawili wake. Amelia yeye kuliko wao.

Halafu simu. Namba siijui. Felistus, kwa simu ya mama yake.

"Mama, mtoto wa dada yangu anaumwa hapa. Macho mekundu, anakohoa, na leo ana vipele usoni. Wanasema ni joto la jua tu."

Nikauliza Amulen analala wapi.

"Na yeye. Kitanda kimoja."

Ee Mungu! Amekimbia maneno akaingia kwenye kitu chenyewe!

John Paul aliona uso wangu akauliza. Nikamweleza. Akasema surua inaruka kwa pumzi. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya leo. Na mdogo pia apelekwe, haraka. Kama ndiyo kwanza wamekutana, chanjo ikiwahi inaweza kumsaidia. Ikichelewa, hapo hawezi kuniahidi.

Nikamwambia Felistus, bado yuko kwenye simu: Mchukue sasa hivi, mpeleke!

Nasikia mtoto anakohoa. Sijui ni yupi.

"Jumatatu uliniambia nisimpeleke," anasema. "Leo unaniambia nimpeleke. Mama, nishike lipi?"

Akakata.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi la kituo cha afya, Molo. Daftari juu ya goti. Msichana wa pembeni anachungulia, nimemwambia ageuke.

Nimekuja bila mwaliko. Kwa wakwe zangu! Tangu Imalingat aoe sijawahi kukanyaga boma hilo bila kutuma neno, bila kanga mpya, bila mtu wa kunitangulia. Leo nimeshuka kwenye boda na kuku mmoja kwapani, nywele zimejaa vumbi. Mama yake Felistus alikuwa anapika jikoni, akaniona, mwiko ukamwanguka. Akashika kichwa. Akauliza:

"Mkwe, nani amekufa?"

Maana mkwe haji hivyo ila kwa kifo.

Nikamwambia, hakuna. Nimekuja kabla yake.

Felistus akatoka ndani na Amulen begani. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Nilikuwa nimemwita mjinga mara nyingi, pikipiki nzima ilisikia. Nilipomwona nikakosa hata moja. Amekonda kwa siku hizi chache. Hajalala. Alimkimbiza mtoto wake kwa sababu anampenda, na kwa sababu mimi nilipiga kelele. Ningekuwa mimi ningekimbia mbali zaidi.

Tukakaa chini. Nikamwambia: niliyokwambia Jumatatu nilisikia. Ninayokwambia leo nimeona. Nikamwambia ya jogoo, ya maandishi mawili, ya Maurine aliyeogopa kunipigia simu. Nikamwambia ya binti wa Jared na ulimi wake. Watoto wa Leonida, nimewaacha asubuhi wanagombania uji.

"Na wale walioanguka?" akauliza.

"Nimewatafuta. Sijawapata."

"Kwa hiyo hawapo?"

Hapo ningeweza kusema hawapo! Ilikuwa mdomoni. Nikasema: sijawapata. Hilo ndilo najua.

"Na akianguka Amulen?"

"Sijui, mwanangu. Lakini huyu aliye ndani na vipele, huyu tunamwona."

Mama yake Felistus akaanza kusema ni jua tu, ni jua. Kutoka ndani yule mtoto akakohoa. Kikohozi cha mtu mzima kwenye kifua kidogo. Felistus akasimama, akamfunga Amulen mgongoni, akafunga tena, kama fundo la kwanza halikumtosha. Mgonjwa tumemleta pia. Amechukuliwa chumba cha ndani, dada yake Felistus yuko naye.

Sasa tunangoja. Amulen ana joto. Asubuhi hakuwa nalo, au lilikuwepo hatukugusa. Nesi amesema kwanza wapime damu, labda ni malaria, waangalie macho na mdomo, ndipo wajue kama anachanjwa. Hakusema zaidi. Nilimuuliza mara ya pili, akasema mama, sijampima, nikikujibu nitakuwa nimebahatisha.

Sikumkasirikia. Au kidogo.

Ukutani kuna picha ya mtoto na maandishi ya Kiteso. Felistus amefika darasa la saba, anasoma kunishinda. Akasema: Mama, nisomee. Mimi leo herufi hazikai machoni. Basi nimesoma, kwa kidole hewani, watu wote wa benchi wananisikia nikijikwaa. Joto. Kikohozi. Mafua. Macho mekundu. Kisha vipele. Nilipofika kwenye macho tukamwangalia Amulen pamoja.

Ni mekundu.

Lakini amelia njia nzima. Na vumbi la barabara ile! Macho yangu pia mekundu, nimejiangalia kwenye kioo cha boda. Sijui. Naandika sijui. Naiandika vizuri, herufi zote zimesimama.

Amulen amenishika kidole. Kile kile cha ajon. Anakitia mdomoni, mdomo wake ni moto.

Nesi ametokea mlangoni. Anaita: "Amulen!"

Felistus hajasimama. Ananiangalia mimi, kama siku ile ya ungo.

Nafunga daftari. Nikifunga nitasimama mimi kwanza.

Wewe, ukirudi hapa — na urudi kesho, usinipotelee tena — anza na jina lake. Liandike kubwa. Halafu andika ulichoona, hata kama mkono hautaki.