Chupa za Katikati ya Ziwa

Jumanne, 8 Mei 1956

Ziwa Nakuru ni maji ya aina moja kutoka ukingo hadi ukingo, na Mto Njoro haubadilishi vijidudu vyake hata kidogo. Ndivyo alivyosema Bwana Thwaite, mtaalamu wa maji, leo saa nne, mbele yangu na sahani ya biskuti. Hata Pwani, akasema, mto ukimwaga maji baridi baharini, habari ni hiyo hiyo. Basi walowezi wa huko juu waugeuzie mto mashambani mwao, ziwa halitajua.

Nikauliza nani alijaza zile chupa za katikati ya ziwa alizopimia. "Boi wangu." Boi huyo ni Makokha. Ana miaka arobaini na tisa na wajukuu wawili.

Mhariri wa gazeti letu: maji si habari, leta mpira. Nimempelekea mpira.

Jumatano, 9 Mei

Kumbe kuna barua! Mtaalamu wa Kampala aliyepelekewa chupa amejibu: ya katikati ya ziwa na ya mdomo wa mto zina vijidudu vile vile, na ule ukijani wa ziwa haumo. Haiwezekani, asema. Chai ya Thwaite haijapoa, mkosaji kashapatikana — Makokha alichanganya chupa.

Nimemkuta Makokha kwake, mtaa wa Bondeni. Chumba ni cha kazi. Kazi ikiisha, na chumba kimeisha. Alieleza bila kupaza sauti. Bwana hubandika karatasi za majina kwenye chupa akiwa afisini, kabla ya kuondoka. Siku ya kuchota alifika mdomo wa mto, akatazama tope, akatazama soksi zake nyeupe. "Jaza zote hapa. Maji ni maji."

"Ukajaza?"

"Sasa ningefanya nini, mzee? Nimbebe mgongoni?"

Mkewe Nekoye akacheka kutoka kwenye jiko: "Ungembebea soksi tu!"

Ijumaa, 11 Mei

Tumeingia ziwani, mimi na Makokha. Tope hadi mapajani, uvundo, magadi — miguu inawasha mpaka sasa. Chupa moja mdomoni mwa mto, nyingine mbali, ambako flamingo wanakula.

Mwalimu Kipkemei ana darubini ya vijidudu pale shuleni kwake. Chupa ya mto: vya duara, vya mikia, vya manyoya, vingine vinafukuzana. Alihesabu aina kumi na tisa, akachoka. Chupa ya ziwani: kijani kizito, nyuzi zilizojisokota kama springi, zote za namna moja, karibu hakuna kingine. Basi mto una ulimwengu wake pale unapoingia. Ukiuondoa, unaondoka nao.

"Mtoto wa darasa la sita angeona," alisema mwalimu. Lakini mtoto wa darasa la sita hakuletwa kwa meli kutoka Uingereza.

Nimeandika habari yote. Mhariri kaisoma amesimama, kaitia kwenye droo.

Jumamosi, 12 Mei

Thwaite hataki kuziona chupa zetu. Hazina karatasi rasmi, asema. Kweli — zina maji ya mto na ya ziwa tu!

Badala yake ametoa barua ya taipu, Kiingereza. Humo Makokha anakiri kwamba alichanganya chupa. Eti kosa ni chupa mbili tu, nyingine zote ni sawa. Akitia sahihi, anabaki kazini na chumbani, na ripoti ya Thwaite inakwenda Nairobi ilivyo. Walowezi wanapata mto. Asipotia, nje.

Nilimsomea Makokha kwake, kwa Kiswahili, mara mbili. Akauliza mara ya tatu neno moja tu: "Imeandikwa *nilichanganya*? Mimi?"

"Wewe."

"Miaka kumi na moja naosha chupa zao."

Akaikunja, akatoka kwenda kunywa maji bombani.

Uani Nekoye alikuwa akifunga sufuria ndani ya shuka. Nikamuuliza mumewe ameamua nini.

"Hajasema, ila namjua," akajibu, akivuta fundo kwa meno. "Shika hapo, shemeji."

Nikashika.

Barua inatakiwa mezani kwa Thwaite Jumatatu tarehe 14, saa tatu asubuhi.