Akina Salama wa Shauri Moyo

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imenifikia. Mimi ni mzima, ila nyumba ni kimya tangu bibi yako, dada yangu, atutoke. Unauliza kama uiamini hospitali ile ya wanaotafuta mtoto, iliyojaza ukutani picha za watoto.

Nilipokuwa mke kijana huko Shauri Moyo, mkunga wetu, Bibi Salama, alitoa dawa ya uzazi. Kila binti aliyepatikana kwa dawa hiyo alipewa jina lake. Jioni mama mmoja akiita, "Salama!", wasichana waliitika kutoka kila mlango. Nami nikaenda kwa Bibi Salama, nikamuuliza:

"Na waliokosa, bibi?"

"Hao ndio wengi, mwanangu. Ila hawana wa kumwita."

Niliinywa dawa nikilijua hilo. Sikupata mtoto. Nililia, lakini sikudanganywa.

Muulize daktari wako vivyo hivyo kuhusu waliokosa.

Bibi yako,
Mwanaisha