Kamera Niliyoishika Kabla Haijatoka

Mpendwa dada mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue barua hii inatoka kwa mtu aliyezaliwa na bahati zake. Mimi ni mpiga picha za harusi, watu wananiita Flashi, na katika mji huu mzima ni mimi peke yangu niliyeishika ile kamera mpya ya kidirisha ambayo hata madukani haijaingia, rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ambayo haijaona moto, aliniwekea mkononi mgeni mmoja hotelini, msafiri mkubwa, akaniambia wewe una macho, shika.

Kama hujui kamera ya kidirisha nikueleze, maana shule niliishia njiani lakini kamera nimezisoma mpaka mwisho. Ukichungulia kile kidirisha chake unamwona mtu mmoja ana sura mbili, moja hafifu imekaa pembeni, unazungusha lenzi taratibu mpaka sura zinaingiana zinakuwa moja, hapo ndipo unabonyeza. Zikikataa kuingiana, unampelekea baba mkwe wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi kabla hajanipa binti yake, na fundi wa pili kama yeye sijamwona. Anaketi dirishani mwa karakana yake, analenga antena iliyo juu ya ghorofa la ng'ambo, anagusa skrubu ndogo kuliko chawa, analenga tena, na kamera hakurudishii mpaka antena mbili zimekuwa moja. Miaka thelathini na nne. Watu wanatoka miji mingine kuifuata antena ile.

Sasa kila Jumamosi wapiga picha tunakusanyika pale kupiga soga, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yule wa simu kubwa, akaanza kutusomea uvumi wa toleo lijalo, mara umbo litabadilishwa, mara kidirisha kitahamishwa katikati, mara kitaondolewa kabisa kiwekwe kioo cha umeme, na wote wamemtolea macho yeye, mimi nimegeuka fanicha. Nikasema acheni uvumi, mimi nimeishika. Wote wakanigeukia. Nikasema ni nyeusi tii, nyepesi kama kipande cha mkate, na kidirisha hakipo, wamekitoa. Hata baba mkwe akavua miwani kunitazama. Sikufichi dada, nilijiona mrefu.

Tatizo ni kwamba mzee ameniamini. Shemeji na uvumi wake alikuwa anampuuza, lakini mimi ni mwanafunzi wake. Wiki ile ile bisibisi zake ndogo akampa fundi saa wa jirani, na juzi amekubaliana na fundi cherehani mmoja kwamba mwisho wa mwezi anamwachia chumba. Nilipomuuliza, akasema kwa upole tu, "Kazi yangu ni kukutanisha sura mbili. Kama kidirisha wamekitoa, mimi nakaa hapa kumtazama nani?" Mke wangu naye jana ananipa chai, akaniuliza, "Baba watoto, uliishika kweli?" Nikasema niliishika. Sasa dada, nimzuieje mzee asifunge karakana, na mimi nisionekane mtu wa maneno maneno?

Flashi

JIBU

Flashi, pole, na sasa kaa vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka. Mwanzo wa barua kamera ni ya rangi ya fedha, chini yake imekuwa nyeusi tii. Umeipaka rangi ukiwa njiani? Mimi kamera sizijui, waongo nawajua, na wewe ni mwongo mwenye moyo mzuri. Hao ndio wanaotia hasara kubwa, kwa sababu watu wanawaamini.

Unatafuta njia ya kumwokoa mzee bila wewe kuaibika. Haipo, acha kuitafuta. Tena hata uvumi ungekuwa kweli, zile kamera zilizolala kwenye makabati ya watu nazo zimeng'olewa vidirisha? Nani atazilengea antena? Maneno hayo yalitakiwa yatoke kinywani mwako siku ile ile. Umemsifu mzee huyu kwangu mimi nisiyemjua. Yeye mwenyewe umewahi kumwambia?

Anza na mke wako, leo, kabla chai haijapoa. Jumamosi pitia kwa fundi saa, omba bisibisi zirudi. Halafu ingia karakana watu wakiwa wamejaa na shemeji yako akiwepo, kwa sababu uliyasema mbele ya watu. Sema kwa maneno machache, usipambe. Kisha mpe mzee kamera yako aiangalie, ufunge mdomo. Ukimaliza niandikie mistari miwili nami nitaichapa hapa hapa.

MISTARI MIWILI YA FLASHI

Dada, imezidi miwili, nivumilie. Mke wangu alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, anasema nikidanganya najikuna shingo. Jumamosi nikasimama, nikasema, shemeji akacheka mpaka simu ikamponyoka, sasa naitwa Mheshimiwa Kiwanda, eti kamera zinaanzia kwangu. Baba mkwe hakucheka. Alichukua kamera yangu, akailenga antena kwa muda mrefu, akasema, "Yako sura zake zimeachana zamani. Harusi zote hizi ulikuwa unapiga kwa kubahatisha?" Akanyoosha mkono. Nikamwekea bisibisi kiganjani. Watu kumi na mmoja tulisimama tukimtazama anavyofanya kazi, na mimi nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba huyu ndiye aliyenifundisha.

Fundi cherehani nimemtafutia chumba mtaa wa pili, kizuri zaidi. Karakana iko wazi. Hilo najivunia, na ukija utalikuta.

Lile la mwanzo sasa. Harusi ilikuwepo, hoteli ilikuwepo, mgeni hakuwepo. Kamera hiyo sijawahi kuishika.