Samaki wa Maji ya Bomba

Dada Loretta mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku ukingoni mwa mto, nikitumaini kifua kimekuachia na baridi ya milimani kwenu imeanza kulegea. Sisi tunapumua. Harlan anakusalimu, bado yuko kiwandani, na bado anakoroma.

Uliniuliza mbona siku hizi nimekuwa mkimya. Sikutaka kuyasema kwenye simu mume wangu akiwa sebuleni.

Unaijua kazi yangu ya kulea samaki maabarani. Kiwanda kiliacha ile kemikali iliyotuchafulia mto, kikaleta kemikali nyingine, ndugu yake, kikaapa kwamba huyu mpya hana neno. Tukapewa tumpime. Mayai mengine tunayaweka kwenye maji yenye kemikali, mengine kwenye maji safi, kisha tunalinganisha.

Mtambo wetu wa kusafisha maji ukaharibika. Mkuu wangu, Daktari Pruitt, hakutaka kungoja fundi. Akaniambia, "Verna, kinga maji ya bomba, toa klorini, basi. Maji tunayopikia kahawa yatawafanya nini samaki?" Nikacheka, nikakinga.

Samaki mchanga hujaza hewa kwenye kifuko tumboni, ndicho kinachomwinua. Wale wa kemikali hawakuweza. Walijirusha kidogo, wakarudi chini. Nikaenda kwa wenzao wa maji ya bomba nikiwa sina wasiwasi. Dada, nao walikuwa wamelala chini. Daktari Pruitt alichungulia kwenye hadubini, akachungulia tena, akaomba kikombe chake cha kahawa kiondolewe mezani.

Tulirudia kwa lile dumu la maji ya kisima chenu ulilotuachia Pasaka. Wakaogelea vizuri tu.

Daktari atatangaza matokeo, lakini anasema kiwanda kitabisha mpaka tuchoke. Mama mkwe ananihimiza nichemshe maji, na kuchemsha hakuiondoi ile kemikali. Majirani wametangaza kuuza nyumba tangu vuli, hakuna hata mmoja aliyesimama kuitazama. Nilipomgusia Harlan, alicheka: "Mke wangu, kiwanda ndicho kinachotulisha. Kwani hao samaki wako wanapiga kura?" Akatoa jagi la chai baridi kwenye friji, akajimiminia, akanimiminia na mimi. Nikainywa, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu, hata yeye. Nina mimba. Niliijua wiki ileile ya wale samaki. Miaka yote hii tumeomba, na sasa nimepata, siwezi kufurahi. Nikifumba macho nawaona wakijirusha na kurudi chini. Sina pa kwenda bila Harlan, na Harlan haondoki. Naogopa, dada.

Wape salamu shemeji na watoto, na umkune yule mbwa wenu mvivu kwa niaba yangu. Nakujua, umeshaanza kutafuta nyuzi za kufuma vikofia. Viache kwanza. Ukija, jaza gari madumu ya maji ya kisimani, na Harlan akiuliza ni ya nini, mwambie wewe mwenyewe. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Verna