Jina la Penseli

Jumatatu, 24 Juni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Nyasi zimeganda. Mwezi ndio kwanza umeanza kumegeka, uko magharibi, bado mnene, mwanga wake unaharibu kila kitu. Zohali juu kabisa. Mirihi mwekundu, kaskazini-mashariki. Kilimia, Matariki yetu, nimekiona kwa tabu juu ya zizi la kondoo. Kimerudi, na mwaka wetu mpya nao. Zuhura hayupo, kajificha kwenye jua.

Shangazi Huria kapiga simu. Sikukuu ya serikali ni Ijumaa, na ndugu zetu wa Wellington wanataka sherehe ya Kilimia iwe Ijumaa. Nikamwambia mwezi hausomi kalenda ya serikali. Tunangoja siku za Tangaroa, mungu wa bahari, mwezi ukikonda, samaki wakikubali ndoano. Jumanne ya wiki ijayo.

"Basi waambie wewe, mie sitaki kesi," kasema.

Kisha akauliza habari ya Tipene, Mama kaamuaje. Nikasema mkate unaungua, nikakata. Hakukuwa na mkate.

Jumatano, 26 Juni

Mawingu. Hakuna kitu.

Shangazi kaleta orodha ya wafu wa mwaka huu. Ndiyo majina atakayoyaita Kilimia kikitoka na mvuke wa chakula ukipanda. Yako sita. Matano kayaandika kwa wino. La sita ni Tipene, mdogo wangu — kwa penseli. Miezi minane sasa tangu mashua yake ya kuvulia kamba ikutwe inaelea, ndani buti moja. Yeye hajaonekana.

"Wino nasoma, penseli sisomi," kasema. "Na wino wa mtoto huutia mamaye. Si wewe, Hohepa, usijitie kimbelembele."

Haya. Mimi wa nyota tu.

Nikampelekea Mama. Hakuigusa karatasi.

"Nani na nani?"

Nikamsomea matano.

"Na huyo wa sita?"

"Wewe ndiye wa kusema, Mama."

"Basi nimeshasema. Mwanangu hajafa. Ondoa karatasi yako mezani, naandaa chakula."

Koti la Tipene, lile la sufu, liko bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mwezi hulifua. Hulipiga pasi! Koti la kuchungia kondoo! Mke wangu alilivaa mara moja kwenda kuchukua kuni, akavuliwa uani.

Alhamisi, 27 Juni

Mvua. Mama hasemi nami ila kupitia kwa paka. "Mwambie huyo chai ipo."

Jumamosi, 29 Juni

Kumetakata! Nusu mwezi. Kilimia safi kabisa, na chini yake, mkono wa kulia, taa kubwa ikachomoza — Mshtarii. Hakuna kinachong'aa kama yeye mwezi huu.

Mama kamwona kwa dirisha la jikoni. Katoka mbio, buti za mpira chini ya gauni la kulalia.

"Huyo! Huyo huyo! Si alikuwa hapo mwaka ule?"

Alikuwa hapo kweli. Miaka kumi na miwili iliyopita. Tipene alikuwa kapotelea kwenye migodi ya Australia, miaka miwili hana barua wala simu, na sisi tumeshakata tamaa. Asubuhi moja ya baridi kama hii akaingia kwa mlango wa nyuma na kuku aliyegandishwa mkononi. "Mama, kuna chai?" Ndiyo salamu yake hiyo, baada ya miaka miwili.

"Nyota zinazozurura hurudi," kasema Mama. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mimi ndiye. Mdomo huu! Nikaanza kumweleza kwamba Mshtarii hurudi pale kila mwaka wa kumi na mbili, mtu awepo asiwepo, ni hesabu tu. "Yule hamjui Tipene, Mama."

"Na wewe ulimjua?"

Akaingia ndani. Nikabaki nje hadi kulipokucha. Mshtarii alififia wa mwisho.

Jumapili, 30 Juni

Sikutazama juu leo.

Hapa hasomi mtu, basi niseme. Siku ile ya mashua Tipene aligonga dirisha langu alfajiri, twende wawili. Nikamwambia baridi, leo siwezi. Si kweli. Nilikuwa nimekesha nikimwangalia huyo huyo Mshtarii kando ya mwezi mpevu, nikataka kulala. Nikalala vizuri sana. Namlilia mdogo wangu na naona aibu, basi.

Jumatatu, 1 Julai

Mwezi mwembamba, unamwendea Mirihi. Kesho watakuwa pamoja. Anga safi, upepo hakuna.

Wanaume wamechimba shimo la kupikia kilimani. Viazi vitamu, mikunga, samaki, kuku mmoja. Mama kasema haji.

"Baridi," kasema.

Neno langu lile lile. Sijui kama anajua. Kajua vipi? Au Tipene alipita kwake kwanza, akamwambia?

Orodha ninayo mimi. Mara mbili nimeshika kalamu juu ya jina lile. Mara mbili nimeiweka.

Jumanne, 2 Julai

Naandika ndani ya gari, kilimani. Saa kumi na mbili kasoro kidogo. Shimo bado limefukiwa, linatoa moshi kidogo pembeni. Watu kama thelathini. Wa Wellington wawili, wameomba ruhusa kazini na hawaachi kutukumbusha.

Mwezi kama ukucha, Mirihi kando yake. Kilimia kimetoka. Nimehesabu saba. Ile nyota ya wafu, mojawapo ya hizo saba, haijafifia, haijazidi kung'aa. Mshtarii ndio anapanda nyuma ya miti.

Shangazi kachungulia. Dakika kumi, kasema, na hilo la penseli je? Nikamwambia alipite. Kasema haya, akaenda.

Kuna tochi kwenye njia ya kondoo. Mtu mfupi. Anapanda, anapumzika, anapanda.

Mama!

Kavaa koti la Tipene. Mikono ya koti kaikunja mara tatu. Kasimama katikati ya watu, hamsalimu mtu, anamtazama Mshtarii. Muda mrefu. Hakuna anayethubutu kumsogelea, hata Shangazi.

Sasa anakuja huku. Kagonga kioo.

"Karatasi iko wapi?"

Nimempa. Kaitandaza juu ya boneti, anaisoma kwa tochi, kidole kinashuka jina moja moja. Kimefika chini. Kimesimama. Nje wanaume wameanza kuondoa udongo, mvuke unatoka.

Kanyoosha mkono dirishani bila kunitazama.

"Lete kalamu."

Ninayo hii moja tu