Oda ya Kwanza, Nami Nimekaa Eda

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Duka la mtandaoni limefunguka! Kwenye orodha ya nchi za wenye mtandao huo Somalia haimo – nimetelezesha kidole mpaka kikachoka. Basi duka ni kwa jina la dada Wafaa, aliye Uingereza. Mimi nashona kofia huku Kismayo, namtumia, yeye anapeleka posta.

Picha ni moja tu. Sina kofia iliyokwisha ila ile ya mume wangu, ya viua, vile vitundu vya kushonwa kwa sindano, nikamvisha nikampiga picha uani. Abdulmalik kakunja uso kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nikamwambia cheka, huuzwi wewe. Akacheka. Hiyo ndiyo niliyoiweka.

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna aliyenunua. Nafungua simu kila nikimaliza safu ya viua. Abdulmalik kaenda kisiwani Ngumi kutengeneza injini ya boti. Eti akirudi atapiga picha za mikono yangu na sindano, Wazungu wapenda kuona kazi ya mkono. Wazungu kawajulia wapi, sijui.

Jumapili, 21 Septemba

Siwezi kuandika.

Jumatano, 1 Oktoba

Najaribu.

Walimleta kutoka Ngumi na homa, hata kikombe hakuweza kushika. Hospitali hakukaa sana. Alfajiri ya mwisho alinishika mkono, akauliza kama mlango wa uani umefungwa. Nikasema umefungwa. Basi.

Nimekaa eda. Chumba, ua, chumba. Mavyaa – Bimkubwa, mama yake – kaja kukaa nami, ndiye anayepokea wageni. Tukitazamana tunalia, kwa hiyo hatutazamani.

Nguo zake zilitolewa siku ileile, wakapewa waliomwosha, kama desturi. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikuona kilichotoka. Leo nimefungua sanduku. Hakuna kitu. Hata kofia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kaka Fuad kapiga simu kutoka Burgao. Eda ikiisha nihamie kwake. Mjane hakai peke yake mjini, kasema, na nyumba yenyewe ya kupanga. Anasema kwa mapenzi, najua. Lakini chumba hiki nimelala na Abdulmalik. Huko nitakuwa mgeni wa wifi yangu mpaka nife. Nimwambie naishi kwa nini? Kwa duka lisilouza?

Ijumaa, 17 Oktoba

Oda! Wafaa kapiga simu akipiga kelele za furaha, kisha akakumbuka, akanipa pole upya.

Mtu wa Kanada. Ataka kofia iliyo pichani. Nikasema vyema, mwambie apime kichwa chake kwa uzi atuletee kipimo, nitamshonea, itakwisha kabla ya Ramadhani. Wafaa kasema, dada, huko si hivyo. Kilicho pichani ndicho kinachotumwa, tena wiki hii. Duka jipya likishindwa oda ya kwanza, wenye mtandao wanalifunga.

Kwetu kofia kichwani mwa mtu ni ya kuonyesha kazi tu. Unaitazama, unapimwa, unangoja. Nani angedhani mtu atainunua ikiwa kichwani mwa mume wa mtu!

Na kofia sasa anayo Mzee Gharibu, mmoja wa waliomwosha mume wangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemwambia mavyaa kwamba naitaka kofia irudi. Alikuwa akikunja mswala, akaukunja polepole zaidi, akasema kwa lahaja yake:

"Mwanangu, kichu cha sadaka hakirejeshwi. Mchu kesha kumuombea dua maiti wako."

Nikamweleza la Fuad na Burgao: duka likifungwa, sina budi kwenda. Alasiri kavaa buibui, katoka, hakusema aendako.

Jumapili, 19 Oktoba

Mzee Gharibu kaja mwenyewe. Yeye ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Kasema hakuivaa hata mara moja, kichwa chake kikubwa. Kasema pia angejua ningeitaka, asingeipokea siku ile. Nikamwambia nitamshonea nyingine, ya kichwa chake. Kakataa, mavyaa kamshikilia, mwisho kakubali. Kaomba dua ndefu. Niliitikia amina na macho yangu kwenye kile kifurushi cha kitambaa mkononi mwa mavyaa.

Nikangoja mpaka atoke. Nikakifungua. Nikaitia kofia usoni.

Kaifua.

Kaifua vizuri, kaitia wanga, kaipiga pasi. Ni sabuni tupu. Nimeigeuza ndani, pale kwenye paji la uso palipokuwa na alama ya jasho, ambayo mimi nilikuwa nikimgombeza kwayo kila wiki. Peupe. Tangu juzi najidanganya kwamba naitaka kwa sababu ya mtu wa Kanada. Nilitaka kumnusa mume wangu mara moja, kisha niitume. Nimelia kuliko siku ya maziko. Mavyaa kaja, kaichukua, naye kainusa. Kanirudishia.

Wafaa kaandika mara tatu. Kuna mtu wa kuaminika apanda ndege kesho, nimpe, kila kitu kitawahi. Sasa anapiga simu.

Kofia iko mapajani. Safi kabisa, hata kwenye picha haikuwa nyeupe hivi. Mtu wa Kanada atafurahi.

Mavyaa kasimama mlangoni na mfuko wa kufungia kofia na gundi ya kuubandika. Auliza aitie, au aiache –

Simu inaita bado. Sijamjibu yeyote.