Bei ya Bwanashamba

Galula, 5 Agosti 2012

Mwanangu Getruda,

Mimi Mhoja nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, nimeipita njaa ya kule Shinyanga, nimeupita ugonjwa wa ndigana uliofagia zizi zima la kaka yangu, na watendaji wa kijiji watano wamekuja wakaondoka wakiniacha hapa hapa. Kwa hiyo usiniletee maneno ya mumeo Zabron kwamba sijui kuuza ng'ombe. Hamjambo huko Tunduma? Mimi miguu inauma kidogo, mengine salama.

Dume langu Bwanashamba nimemrudisha nyumbani. Kwenye mnada wa Mkwajuni wachinjaji walimzunguka wakampigapiga mapajani, wakasema laki sita na nusu. Nikawauliza, mbona hamjamfungua mdomo mkaona meno? Mbona hamjauliza mama yake anatoa maziwa kiasi gani? Mmoja akasema, "Mzee, supu haina mama." Wakacheka. Nikafungua kamba.

Huyu ni dume la mbegu. Meno yamejaa na hayajalika, korodani zimelingana, nundu imesimama, ndama wake wanazaliwa wakubwa. Namuuza kwa sababu moja tu: mitamba aliowazaa wameanza kutaka dume, nami sitaki apande binti zake. Lazima aondoke kabla ya mvua. Ila ataondoka kwenda kwenye zizi la mtu, siyo buchani.

Ni mimi baba yako,
Mhoja

Tunduma, 19 Agosti 2012

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, ila mjukuu wako Yunisi alikohoa wiki nzima, sasa ana nafuu. Miguu ikandwe na maji ya moto.

Zabron amesoma barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Anasema yeye ana bucha, anajua: bei ya ng'ombe iko kwenye mzani, mengine ni hadithi. Hata hivyo anakutumia magunia mawili ya mashudu kwa lori la mahindi. Mlishe dume mpaka ang'ae, utaona bei inavyopanda. Na nakuomba baba, usibishane na watu mnadani. Wanakuja kunisimulia: baba yako anauza ukoo wa ng'ombe.

Binti yako,
Getruda

Galula, 30 Septemba 2012

Marahaba mwanangu. Yunisi mpe pole. Miguu nimeikanda, bado inauma.

Mwambie Zabron mashudu yake yameniharibia dume. Nilimlisha, nakiri, nilitaka wale wachinjaji wanyamaze. Akanenepa hadi mbavu zikapotea. Wachinjaji wakapanda hadi laki nane. Kisha akaja mtu niliyekuwa namngoja, Anyosisye, Mndali wa Ileje, anatafuta dume la kuboresha ng'ombe wake. Akampapasa kwenye shina la mkia, akakuta mafuta. Akaniuliza taratibu, "Mzee, huyu bado anapanda, au anakula tu?" Akaenda zake. Mimi, Mhoja, niliyekulia zizini, nimemgeuza dume la mbegu kuwa nyama kwa mikono yangu.

Sasa mashudu wanakula ng'ombe wanaokamuliwa. Bwanashamba anatembezwa kila asubuhi hadi mtoni na kurudi. Na mnada ujao haendi peke yake. Nampeleka na mama yake na binti zake wawili. Majirani wanasema nimechanganyikiwa, ng'ombe mama wa zizi hapelekwi mnadani. Waseme. Anyosisye nimemtumia ujumbe aje tena.

Baba yako mbishi,
Mhoja

Tunduma, 12 Oktoba 2012

Baba, shikamoo. Pole na miguu.

Naandika haraka. Zabron anakuja mwenyewe na lori, amepata tenda ya nyama ya harusi. Atakupa bei kubwa kuliko wachinjaji wote. Baba, ukimkataa mkweo mbele ya watu, mimi ndiye ninayeishi naye humu ndani. Lifikirie na hilo.

Binti yako,
Getruda

Galula, 2 Novemba 2012

Marahaba mwanangu Getruda. Mimi mzima, hata miguu nimeisahau.

Nililifikiria. Ndiyo maana sikumkataa mumeo, nilimwacha dalali afanye kazi yake.

Kwanza nilimkamua mama yake Bwanashamba pale pale mnadani, Gwantwa mke wa Anyosisye ameshika ndoo. Lita nne, povu mbali. Ng'ombe wa hao wanaonicheka wanatoa mbili. Kisha Gwantwa akainama akatazama chuchu za wale mitamba, moja moja, akamwambia mumewe jambo kwa Kindali. Anyosisye akampapasa dume mkia. Safari hii mkono ulikuta mfupa.

Zabron akasema laki saba, Anyosisye saba na nusu. Wakaenda hivyo hadi mumeo akafika laki tisa, akatoa kalamu, akapiga hesabu kiganjani, akairudisha kalamu mfukoni. Siku hiyo nilimwelewa. Nyama ina mwisho. Ukishamaliza kilo huna cha kuongeza. Anyosisye alikuwa anawaza ndama ambao hawajazaliwa. Akasema laki tisa na elfu kumi.

Atakwambia ni elfu kumi tu. Ndiyo, elfu kumi. Lakini Bwanashamba amefika Ileje akiwa amesimama kwa miguu minne.

Mumeo hakuniaga. Wewe usimwombe radhi kwa niaba yangu. Akizidi kununa, njoo na Yunisi ukae hapa, maziwa yapo.

Na akikusimulia vingine, muulize Gwantwa aliyeshika ndoo. Muulize Lwitiko, dalali, aliyeirudia bei ile mara tatu kwa sauti. Wa tatu ni Zabron mwenyewe, maana alikuwepo.

Baba yako,
Mhoja